Gato Yenye Tulionja Mbele ya Juri

Hapana, hapana, hapana. Nani alikuambia ile emisiyo ya televizyo ilipangwa? Ati wale mastaa hawapikake, ati nyuma ya hema iko mupishi wa kweli, wao wanasimama tu mbele ya kamera na tabliye safi kwenye kifua. Nani alisema vile? Yule wa moto, mwenye kubeba watu na pikipiki, pale kwenye mizunguko ya barabara? Mwambie aje kuniambia mimi, kwa uso. Mi nilikuwa ndani ya ile hema. Nilisimama hatua moja na ule mucheza mupira, mikono yangu nyuma ya mugongo kama mutu wa kukamatwa, na bunga ya ngano yenye aliniangushia kwenye viatu ilikaa mule siku tatu. Kama iko mutu mwenye alipika kwa siri, basi alikuwa mudogo sana, alijificha ndani ya bakuli.

Bon. Juu unabisha, nitakuelezea toka mwanzo, na usinikate.

Mama mudogo wangu, yule anafuata mama yangu kwa kuzaliwa, iko na kikundi ya wamama sita pale Mahoko, karibu na soko. Wanachoma mikate na mandazi. Walikuwa na furu ya matofali, tanuri mukubwa, yenye walijijengea na mikono yao. Kisha ikakuja juma moja, juu ya volkano, ardhi ilikuwa inatikisika asubuhi na muchana, furu ilipasuka kwenye mugongo. Tukaziba na udongo. Ikapasuka tena. Tukaziba tena. Siku moja ikalala chini yenyewe, na mikate ndani. Mama mudogo alisimama pale na koleo kwenye mukono, hakulia, alisema tu: «Angalau ilikuwa imeisha kuiva,» akaanza kuokota mikate kwenye matofali.

Kuanzia pale wamama walikuwa wanachoma ndani ya sufuria, makala chini, makala juu ya mufuniko. Moshi yote kwenye macho. Mikate kumi na mbili kwa saa moja, kwa soko muzima! Na hii ya sufuria ni mi niliwafundisha, siogopi kusema. Mi sikusomea mapishi popote. Nilisomea kwenye simu yenye kioo kimepasuka, videyo za watu wa mbali wenye wanasema weka furu degre mia moja na makumi nane, na mi niko na mbabura, jiko ndogo, na makala. Donc nikajitafutia degre zangu. Unaweka kiganja karibu na mufuniko, unasema jina lako, jina ya baba yako na jina ya babu yako. Ukifika kwa babu na mukono bado iko pale, joto iko ndogo. Ukiitoa kwa baba, iko sawa. Ukiitoa kwa jina lako mwenyewe, gato, ile keki, imeungua. Mama mudogo anawaambiaka watu: «Huyu ameniunguzia sufuria tatu. Sasa lazima awe mupishi, hakuna namna ingine.»

Ile emisiyo unaijua. Kila mwaka watu wa kawaida wanashindana kupika gato kwenye televizyo. Lakini iko moja ya pekee, ya mastaa, wenye hawapikie mufuko yao. Kila staa anapewa kikundi moja ya watu, anapika kwa jina yao, na kikundi ya mwenye kushinda inapewa kitu yote yenye iliomba. Mwaka ile wakaleta hema hapa Gisenyi, kwenye bustani ya hoteli moja, pale pale kwenye ukingo ya ziwa. Vikundi vilikuwa ine. Wavuvi wa sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, waliomba jile za kuvaa kwenye maji, zenye zinazuia mutu kuzama. Watunza watoto waliomba magodoro. Washonaji fulani waliomba mashini. Sisi tuliomba furu.

Na kila staa alipewa mutu moja toka kwa kikundi, wa kumuongoza. Lakini wa mudomo tu! Kugusa, hapana. Mikono nyuma. Wamama walitaka mama mudogo aende. Akakataa. «Mi nitasema mara moja, nitanyamaza. Huyu hanyamazake. Aende yeye.» Kila mutu alikubali mbio sana, hata nikakasirika.

Staa wetu alikuwa beki wa zamani. Jina yake sisemi, wewe mwenyewe ulimupigiaka makofi. Alikulia Tanzania, donc anasema ile Kiswahili ya kunyooka, ya vitabu.

«Habari yako, dada,» akaniambia. «Naomba nikuambie ukweli mapema. Sijawahi kupika hata yai.»

«Hata yai?»

«Hata chai. Mke wangu amenikataza.»

Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa kama mbao za mulango. Nikamwambia: «Kaka, leo utapika. Mama mudogo wangu hana furu.»

«Mama mdogo wako ni yule mwenye kitenge cha kijani?»

«Njo yeye.»

Akamuinamia kichwa toka mbali, polepole, na mukono kwenye kifua. Pale pale nikamupenda kama ndugu. Mi niko vile. Mutu akiheshimu mutu wangu, tumemaliza, atanikuta upande wake hata siku yenye iko na makosa.

Tulichagua gato ya ndizi, zile ndogo tamu, zenye zimeiva mpaka ganda inakuwa nyeusi, na ganda ya ndimu ya kukwangua juu yake. Kitu nyepesi. Yebaba we! Yai ya kwanza aliifinya ndani ya ngumi, ikatokea katikati ya vidole. Ya pili aliipiga kwenye meza, ikaruka.

«Si mupira ya kona, kaka! Haumufukuze! Muguse tu!»

«Nimemgusa!»

«Umemuua!»

Kulikuwa musichana wa emisiyo, na saa kwenye shingo, kazi yake ilikuwa kunichunga mi. Kila mukono yangu ikitoka nyuma ya mugongo, hata kwa kujikuna pua, analalamika: «Mikono, mademoiselle!» Ukijua namna mi nasemaka na mikono, utaelewa mateso yangu. Nilikuwa nasema na mabega, na magoti, na kichwa. Kufika wakati wa kuchanganya bunga, nikamwambia ageuze polepole kama vile mutu anageuza mutoto mwenye analala.

«Dada, nina watoto wanne, sijawahi kumgeuza hata mmoja.»

«Basi leo utaanza, sha!»

Watu wakacheka mpaka mubeba kamera akatikisika. Lakini akageuza. Polepole, ulimi kati ya meno, ile jitu mukubwa imeinama juu ya bakuli kama inasoma barua. Furu za pale zilikuwa za umeme, na taa ndani. Alipiga magoti mbele ya kioo, akaangalia gato inapanda vile watu wanaangaliaka mechi. «Inapanda! Dada, inapanda!» Tulichoma mbili, moja ya kupeleka, moja ya akiba. Na ikanukia, wewe. Ikanukia mpaka mucheshi wa meza ya jirani akaacha gato yake akakuja kunusa yetu.

Sasa sikia hapa, juu hapa njo makosa iko, na makosa ni yangu.

Juri walikuwa wawili. Mumoja muchef wa hoteli, alisomea gato Ulaya, lunette kwenye macho na kofia nyeupe. Mwingine mama mutu muzima, alifundisha mapishi kwenye mashule ya upande wa Nyundo mpaka akaenda pansiyo, kupumzika. Asubuhi walitusomea kanuni mara mbili: gato inafika mbele ya juri nzima, hakuna kukata, hakuna kugusa. Nilisikia. Siwezi danganya, nilisikia muzuri. Lakini beki alipochukua sahani akaniuliza: «Nikifika pale nifanye nini?» mi nikajibu bila kufikiri, vile ungejibu mutu mwenye anakuuliza mulango iko wapi:

«Peleka na mikono mbili. Na uonje kwanza.»

Juu kwetu mutu hapeanake kitu ya kinywa bila kuonja mbele. Pombe, mwenye nyumba anakunywa kidogo kwanza, njo mugeni anapokea. Maziwa vile vile. Mugeni anaona hakuna kitu mubaya ndani, anakula na roho nyeupe. Mutoto wa kwetu anajua hiyo mbele ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwa kichwa yangu kuonja haikuwa kukata. Kuonja njo kupeana kwenyewe. Na beki, wazazi wake ni wa huku, walimukuza Tanzania lakini walimukuza sawa wao, akatikisa kichwa: «Bila shaka.»

Akaenda. Akaweka gato kwenye meza. Akachukua kisu, akatoa kipande kidogo pembeni, akatia kwenye mudomo, akakula, akasukuma sahani na mikono mbili mbele ya yule mama.

Hema yote ikageuka kuangalia muchef.

Muchef akatoa lunette. «Imekatwa.»

«Nimeonja tu, mkuu,» beki akasema.

«Imekatwa. Kanuni iko wazi. Kwa upande wa sura ya gato, nawapa sifuri.»

Lakini yule mama alikuwa ameisha kuchukua kipande. Na sikia: zile gato tatu zenye zilitutangulia, alizigusa na ncha ya kanya, ile uma, kidogo kama mutu anapima dawa. Yetu alikamata na mukono. Akakula. Akachukua ingine.

«Mama, tafadhali,» muchef akamwambia, «bado tunajadili kanuni.»

«Jadili, mutoto wangu, jadili. Mi nakula. Zile zingine nilionja juu ni kazi. Huyu amenipa sawa mutu wa kulelewa.»

Na mi? Mikono yangu ilitoka nyuma ya mugongo, zote mbili, na hakuna wa kusema mademoiselle mwenye angeirudisha. «Sifuri? Sifuri ya nini? Ya adabu? Gato ile iko na kosa gani?» Muchef akasema, polepole, na ile sauti ya watu wenye wamesoma, kwamba gato ya wavuvi ilifika nzima na ilistahili. Njo nikapasuka. «Wavuvi? Wale jile wanataka za nini? Wanazaliwa ndani ya maji! Wanajua kuogelea! Sisi mikate tutachomea wapi, ndani ya ziwa?»

Kamera zote zilikuwa kwangu.

Bibi mwenye kuongoza emisiyo akakuja mbio, mikono juu, anatuliza watu. Akatuvuta pembeni, mi, beki na mama mudogo. «Musijali. Iko gato ya pili, nzima. Tunarudia. Atapeleka bila kuonja, hii ingine tunaitoa kwenye emisiyo. Muchef amekubali. Hakuna mutu atajua.»

«Rudia!» nikasema. «Rudia mbio!»

Beki hakusogea. «Si mimi wa kuamua. Tanuri ni la mama.»

Mama mudogo akafunga kitenge yake upya, vile anafanyaka akitaka kusema neno moja tu. Akaonyesha yule mama wa juri kule mezani. «Yule ameisha kula. Nikimuletea ingine, na haijaonjwa, nitakuwa namwambia nini? Ile ya kwanza ilikuwa muchezo?»

«Mama mudogo, furu!»

«Najua furu. Macho ni yangu.»

«Lakini ni mara moja tu, hakuna mutu…»

«Acha.»

Maisha yangu yote sijamukasirikia huyu mama. Siku ile nilimukasirikia mpaka machozi ikatoka kwenye pua. Lakini bibi wa emisiyo alipogeuka akamwambia musichana wa saa, kwa sauti ya chini, «Hawa wamama wa kijiji ni wagumu,» mi nikamrukia: «Mugumu ni nani? Rudia hiyo neno mbele yake!» Yangu na mama mudogo ni yangu na mama mudogo. Wewe mutu wa inje haumuguse.

Donc, unaona? Ulisema walipanga. Kweli, walitaka kupanga. Mama mumoja wa Mahoko akakataa, njo maana haikupangwa.

Tulikosa kwa pointi moja. Alishinda staa wa wavuvi, mutangazaji wa redio, bibi mumoja wa kucheka sana, na gato yake ya nanasi, na wavuvi wakapata jile zao zote. Sisi tulikuwa wa pili. Wa pili anapewa nusu ya kitu yenye aliomba.

Nusu ya furu ni nini? Niambie wewe. Walikaa, wakaongea, wakapima, mwisho wakatuletea mulango. Mulango ya chuma, muzuri, mupya, na saa ndogo ya kupima joto, na bomba ya moshi. Matofali na fundi, hapana. Tukaegemeza mulango kwenye ukuta. Majuma mawili ilisimama pale, na watu wa soko wakapata muchezo. Mutu anapita, anapiga chuma na kidole: «Hodi! Iko nani ndani?» Mama mudogo anajibu toka kwenye moshi: «Hatujajenga, rudi kesho!»

Kisha emisiyo ikapita kwenye televizyo. Tuliangalia kwenye saloni ya jirani, watu wamejaa mpaka kwenye mulango. Ile ya kutaka turudie hawakuionyesha. Yangu waliionyesha yote. Mudomo wazi, mikono juu, «Wanajua kuogelea!» Asubuhi yake Mahoko yote ilikuwa inaniita vile. Wenye moto wakinipita: «Wanajua kuogelea, unaenda?» Nilishuka Gisenyi kununua bunga, mpaka muuza sambaza akaniambia bei yangu ni ya pekee.

Mama mudogo akajaza beseni ya mandazi. «Peleka kule kwa mitumbwi. Uombe musamaha.»

«Mi?»

«Iko mutu mwingine mwenye alisema?»

Nikaenda asubuhi, saa mitumbwi inarudi na sambaza. Kapita wao, mwenye kuwaongoza, mwanaume wa tumbo mukubwa na kofia ya sufu, aliniona toka mbali. «Oh! Televizyo imefika!» Wote wakaacha nyavu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno muzuri, lakini yeye akanitangulia.

«Petite,» kapita akaniambia, «uliza hawa watu nani anajua kuogelea.»

Nikauliza. Walikuwa kumi na mbili. Wawili wakainua mukono. Mumoja wao akafikiri, akashusha.

«Mi niko kwenye hii ziwa toka sina ndevu,» kapita akasema. «Maji ikinifika kwenye kifua naita mama.»

Wakacheka, na mi nikaanza kucheka. Lakini mumoja hakucheka. Alikuwa anafunga jile mupya kwenye kifua, anavuta kamba, anaijaribu, anaifungua, anaifunga tena. Na mutumbwi yake ilikuwa imeisha kufika, alikuwa kwenye mchanga. Kapita akaniambia kwa sikio: kaka yake alibaki ndani ya maji, mvua ya mwaka jana.

Nikauma andazi moja mbele yao, nikawapa beseni na mikono mbili. Ule wa jile njo alichukua wa kwanza. «Tamu,» akasema. Basi.

«Na furu yenu?» kapita akauliza.

«Tuko na mulango.»

Walicheka mpaka mumoja akakaa chini.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya wote ilipoisha, gari moja ikapanda Mahoko na matofali, mawe nyeusi ya volkano, na wavuvi juu yake wanaimba ile wimbo yao ya kupiga kasia, kwenye gari! Wakakanyaga udongo na miguu mpaka ikawa laini kama mukate. Beki naye alikuja, hakuna kamera, na bibi yake, yule wa kumukataza chai. Bibi akamushika mama mudogo mukono: «Mama, mumenifanyia nini? Sasa anapika mayai kila asubuhi. Tumechoka na mayai.» Tao ya kwanza ilianguka juu beki aliiegemea. Nilimutukana kidogo. Akaomba radhi kwa ile Kiswahili ya kunyooka, wakaanza upya, na mara hii ilisimama.

Leo mikate inatoka makumi sita kwa mara moja. Macho ya mama mudogo imepona. Wavuvi wanapita kuchukua yao mbele ya kushuka ziwani, na yule wa jile ananisalimia na kichwa.

Juzi tulikuwa tunakanda, nikamwambia mama mudogo kitu yenye ilikuwa inanisumbua. Nikamwambia: tungerudia, tungeshinda, tungekuwa na furu muzima toka siku ile, haungevuta moshi yote ile. Akaendelea kukanda. «Na wavuvi wangekuwa wa pili,» akasema.

Sikuwa nimeifikiria. Naapa. Wa pili anapewa nusu. Jile sita kwa wanaume kumi na mbili. Na hata na hiyo, nikikumbuka mama mudogo anasugua macho na kitenge, sijui kama mudomo yangu haingesema tena rudia. Basi njoo, wewe mwenye kujua kila kitu, simama kwenye mchanga na jile sita kwenye mukono. Wale sita wengine, wa kukosa, ungewachagua nani?